Madam na Mstari Uliorudi Katikati

Kuna miaka ambayo ungeweza kumkuta mama mrefu mwenye sweta ya kijivu amemshika mwanamume mzima mkono katikati ya soko la Kiirua, akimweleza habari za betri ya tochi. Wapita njia walidhani anauza betri. Huyo alikuwa Madam, mwalimu wetu wa Fizikia, na alichokuwa akifanya ni kuomba msamaha.

Aliwasimamisha wanafunzi wake wa zamani popote alipowapata: kwenye foleni ya zahanati, nje ya kanisa, hata mazishini kabla udongo haujasawazishwa. Aliwauliza kama wanakumbuka lile somo la betri na kompyuta. Karibu wote walimjibu kwa upole kwamba hawakumbuki, Madam, hayo yamepita. Nani atamwambia mwalimu wake kuwa alimkosea? Yeye aliendelea tu. "Nilikufunza vibaya. Hiyo line inapanda na inakaa huko juu. Hairudi." Kisha aliwaachilia mkono na kwenda zake.

Kati ya wote hao, mimi ndiye niliyeombwa msamaha mara nyingi zaidi. Mimi ndiye pia ambaye sikustahili kuombwa hata mara moja, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Ningeweza kumpunguzia mzigo kwa sentensi moja fupi. Sikuisema, na ndiyo maana kila nikimkumbuka Madam huwa naanza kwa kuona haya.

Lakini mtu huyu alikuwa na mambo mengi zaidi ya msamaha wake. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, mabati na upepo mwingi, mashamba ya ngano yakianzia nyuma ya vyoo. Madam alikuwa ameletwa kufundisha Hisabati, akatwikwa Fizikia kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuibeba. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu osiloskopu, ile mashine yenye kioo kidogo inayouchora umeme kama mstari ili uuone kwa macho. Sisi hatukuwa nayo wala hatukuwa na njia ya kuipata. Walimu wa shule kama yetu waliichora ubaoni na kufungua ukurasa unaofuata. Madam alikataa. Alisema angetaka kuchora angefundisha Sanaa.

Likizo moja alikwenda Embu kwa dadake, aliyekuwa akifanya kazi karibu na chuo kikuu, akarudi na programu kwenye flashi. Ukiiweka kwenye kompyuta ya kawaida na kuchomeka maiki, skrini yote inageuka kuwa osiloskopu. Kompyuta ilikuwa moja tu shuleni, ya karani, ile ya kuchapia mitihani. Siku ya Fizikia ilibebwa na wanafunzi wawili kutoka ofisini hadi maabara, imefunikwa kwa kitambaa cha meza, Madam akitembea kando na kuwaonya juu ya kila jiwe. Aliyekohoa karibu nayo alitolewa nje.

Somo la kwanza alituita mmoja mmoja tuseme majina yetu kwenye maiki. Nilisema langu nikaliona likipita kwenye skrini, vilima vya kijani vinavyofuatana, nikahisi kwamba hakuna aliyewahi kulisikiliza hivyo. Leo nafunga spika na maiki kwenye harusi, mazishi na mikutano ya injili kote Meru, na nadhani kazi hiyo niliipenda asubuhi ile.

Kisha akasema sasa tutaona wimbi safi. Akakaza midomo, akapiga mluzi. Kwetu mwanamke kupiga mluzi ni kukosa adabu, tena mwanamke wa kanisa. Kwenye skrini wimbi lilipanda na kushuka bila kasoro, na Madam, mashavu yamejaa, alikuwa akitunyoshea kidole tuhesabu vilima kabla pumzi haijamwishia. Mlinzi wa shule alichungulia dirishani, akaondoka akitikisa kichwa. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimewafikia kina mama wa kanisa, nao wakamwita pembeni. Aliwaambia, "Shule haina kinanda. Mimi ndio kinanda," akaenda kukaa mahali pake. Cha kuchekesha ni kwamba alipoimba ndani ya kanisa hilohilo hakuipata sauti hata kwa bahati mbaya.

"Andika ulichoona" ndiyo kauli aliyotuimbia mpaka tukaiota. Kitabu kilisema maji huchemka kwa nyuzi mia. Tulichemsha, na kipimajoto kikagoma kabla ya kufika mia, maji yakitokota mbele yetu. Nusu ya darasa iliandika mia hata hivyo, kwa sababu nani angebishana na kitabu. Aliwarudisha wote wachemshe upya.

"Hiyo kitabu iliandikwa na mtu anakaa chini huko karibu na bahari," alisema. "Wewe unakaa mlimani. Andika ya kwako."

Halafu akatueleza habari za hewa na kimo cha mlima. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikijivunia kuwa mtu wa mahali ambapo hata maji yana msimamo wake.

Kwa hivyo lililotokea kwenye somo la betri halikuwa uzembe. Alichukua betri kubwa ya tochi, akaiunganisha na kompyuta kupitia kile kidude cha kupandisha na kushusha sauti alichokitoa kwenye redio mbovu, ili umeme usiingie kwa nguvu ukaunguza mali ya karani. Mstari uliokuwa umelala katikati ya skrini uliruka juu, kisha ukateremka mpaka katikati na kulala tena. Akachomoa waya, akarudia. Ukaruka, ukarudi. Msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa hodari kutupita sote, aliinua kitabu.

"Madam, hapa kwa kitabu line iko juu na imekaa huko."

Madam alikitazama kitabu, akaitazama skrini. Nilimwona akisita, jambo ambalo hatukulizoea kwake.

"Nyinyi mmeona nini?"

"Imerudi," tukasema.

"Basi kitabu ilichora ile kuruka peke yake. Andika ulichoona."

Tukaandika. Yule msichana pia aliandika, ingawa alichelewa kidogo kushika kalamu.

Nikilifikiria sasa naona jinsi alivyokuwa mtu wa ajabu. Hakumwamini yeyote. Chaki alizihesabu mwenyewe, githeri aliionja kabla ya kukubali neno la mpishi kwamba ina chumvi, na barua ya mzazi aliigeuza huku na huku akitafuta mwandiko wa mwanafunzi. Lakini kompyuta ile aliiamini moja kwa moja. Kuomba msamaha nako hakukuwa tabia yake kabisa. Aliwahi kumlaumu mwenzetu mmoja kwa wizi wa sumaku, akamsimamisha nje kwenye upepo, kisha akaikuta sumaku yenyewe kwenye mkoba wake imeng'ang'ania funguo. Alimrudisha ndani, akafundisha mpaka kengele bila kugusia. Kesho yake yule kijana alikuta mkate mzima ndani ya dawati lake. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Mtihani wetu wa mwisho ulipokuja, swali lile lilikuwamo: betri inaunganishwa kwenye osiloskopu, chora kinachoonekana. Madam alipoliona karatasini baada ya mtihani alifurahi mno. Alizunguka chumba cha walimu akisema hilo watu wake wamelifanya kwa mikono yao.

Mwaka uliofuata aliitwa Embu kwa mafunzo ya walimu, kwenye shule kubwa iliyokuwa na osiloskopu halisi. Wakati wa chai alimwomba mwenye maabara amfungie betri aione. Mstari uliruka juu. Madam akasimama mbele yake akiungoja ushuke. Wenzake walikwenda chai, wakanywa, wakarudi wakimenya mayai, wakamkuta palepale na mkoba begani. Mstari haukuwa umeshuka. Alinisimulia haya mwenyewe, bila kunificha kitu, na aliposimulia mikono yake ilikuwa imeshikana kama ya mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Alinisimulia huko Kinoru, karibu na uwanja wa michezo, nilipokuwa nikifunga spika za harusi. Nilimwona akija moja kwa moja kwangu.

"Muga, Madam," nikamwamkia.

"Muga." Hakuuliza habari za nyumbani. "Ile swali ya betri. Wewe uliandika nini?"

Nikacheka. "Si niliandika vile ulitufunza, Madam. Ndio maana unaniona hapa nakunja waya badala ya kujenga madaraja."

Ukweli ni kwamba sikulifikia swali lile. Nilikwama mapema kwenye hesabu za mwendo, nikafuta, nikaanza upya, nikafuta tena, na karatasi ilipochukuliwa ukurasa wa betri ulikuwa mweupe. Hata ningelipata, gredi yangu isingesogea. Nilitaka kumchekesha. Na kama nitasema yote, nilitaka pia kumchoma kidogo, maana nilikuwa nimechoka kuulizwa na walimu wangu siku hizi niko wapi.

Hakucheka. Alikaa juu ya spika, palepale, katikati ya watu wanaopitisha viti na sufuria za mukimo, akanisimulia habari za Embu mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikufunza vibaya." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia natania. Badala yake nilisema, "Usijali, Madam," kwa sauti ya mtu aliyesamehe.

Tangu hapo, kila msimu wa mavuno gunia la viazi lilikuja kwangu na gari la maziwa. Kila mchungaji aliyetafuta mtu wa vyombo alielekezwa kwangu. Nilinunua maiki mpya na gari la kubebea spika, na sehemu kubwa ya wateja walionifikisha hapo walitoka kinywani mwa Madam. Kila tulipokutana alirudia neno lake, na kila mara nililipokea.

Mbaya zaidi, uongo ule ulihamia nyumbani kwetu ukajenga. Mke wangu aliusikia wakati wa kuchumbiana. Mama yangu aliufanya hadithi ya ukoo: mwanangu angekuwa injinia, ni mwalimu alimkosesha. Siku moja, kwenye chakula baada ya ibada, aliusema akijua kabisa Madam ameketi upande wa pili wa meza. Madam aliinamisha kichwa akaendelea kutafuna polepole. Mimi nilikuwepo, sahani yangu imejaa, na nilichokifanya ni kuomba niongezewe chai. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia siku ile. Hata hivyo nilikunywa chai.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni ilikuwa aibu tu. Baadaye nilikuwa nimeuzoea ule uongo kama nyumba. Ukinitoa humo ninabaki mtu aliyefeli kwa sababu alifeli, na nani anataka kumwambia mama yake hivyo?

Niliwahi kukaribia. Aliniita kwake nimtazamie redio, na nilipokuwa nimeifungua mezani akaniuliza, wewe ni mtu wa sauti, nieleze kwa nini kompyuta ilifanya vile. Nikamweleza kadiri nijuavyo: pale unapochomeka maiki kuna kizuizi ndani, kinapitisha kinachobadilika peke yake. Sauti hubadilika kila wakati, kwa hivyo inapita. Umeme wa betri umetulia. Ukiingia, kizuizi kinausikia mara moja, halafu kinauzoea.

"Kwa hivyo ile umeme ilikuwa bado iko?"

"Ilikuwa iko wakati wote, Madam. Kompyuta ni sikio. Sikio haisikii kitu imetulia."

"Lakini mimi niliwaambia iko na macho," alisema. Akasimama, akaniongezea uji kwenye kikombe ambacho hakikuwa kimepungua. Nilifunika redio, nikakaza skrubu, nikaondoka na mfuko wa maparachichi.

Alipostaafu walimfanyia sherehe kwenye uwanja wa shule pale Kiirua. Vyombo nilivileta bure, nikijiambia hiyo ndiyo njia yangu ya kulipa. Hema lilijaa wanafunzi wa miaka mingi. Yule msichana wa dawati la mbele alikuwepo, sasa mama wa watoto anayeuza dawa za mifugo pale sokoni. Mama yangu alikaa safu ya mbele na kofia yake ya kanisa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa kwenye meza ya mitambo.

Madam alipopewa maiki hakushukuru kamati wala mkuu wa shule.

"Kuna kijana wangu hapa," alisema. "Ni yule wa spika. Simama watu wakuone."

Nikasimama. Vichwa vyote viligeuka.

"Huyu angekuwa injinia. Mimi ndio nilimkosesha. Nimemwambia pole mimi na yeye, lakini makosa niliifanya mbele ya darasa, kwa hivyo leo nataka…"

Watu walianza kumpigia makofi kwa unyenyekevu wake. Mama alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Sikuwaza. Kidole changu kilikuwa kwenye kitelezi cha sauti ya maiki yake, nikakivuta chini mpaka mwisho.

Midomo ya Madam iliendelea kwenda bila sauti. Aliigonga maiki, akaitazama, kisha akaishusha na kuanza upya kwa sauti yake ya darasani, ile isiyohitaji umeme. "Nimesema huyu angekuwa injinia!" Watu wakanipigia kelele nitengeneze kitu. Nikapita katikati ya hema kama fundi anayekwenda kuangalia waya, nikainama karibu naye.

"Madam, sikufika hiyo swali."

"Nini?"

"Ile ya betri. Page yangu ilikuwa tupu. Nilikudanganya."

Alinitazama kama alivyovitazama kitabu na skrini siku ile, akisita asijue aamini kipi.

"Tangu Kinoru?"

"Tangu Kinoru."

Nilingoja anifokee. Ningeshukuru. Akanisukumia maiki kifuani.

"Washa hii kitu. Useme."

Lakini haikuzimikia pale, ilizimikia kule nyuma. Ilibidi nirudi mpaka kwenye mitambo, nipandishe kitelezi, kisha nitembee tena hadi mbele, hema zima likinifuata kwa macho. Nikasema. Nilisema kwamba sikukoseshwa na mtu, kwamba ukurasa ulikuwa mweupe, kwamba viazi nilikula. Mtu mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mama aliivuta kofia yake mbele. Nilitaka kumwomba Madam msamaha, na neno lenyewe likagoma kutoka, maana nilikuwa nimelisikia sana kutoka kwake bila haki.

Madam alichukua maiki mkononi mwangu. Hakunitazama tena.

"Sawa. Huyu ametoka," aliwaambia watu. "Sasa nataka wale walifika hiyo swali, wakaandika vile niliwafunza. Mkono juu. Na msinionee huruma."

Upepo ulipiga turubai, mtoto akalia mahali, akanyamazishwa. Kisha yule msichana wa dawati la mbele, ambaye Madam alimsimamisha sokoni akajibiwa kwamba hakumbuki, alilitua kapu lake chini na kuinua mkono. Baada yake mwanamume mmoja pembeni, kofia mkononi. Kisha wawili waliokaa pamoja, wakitazamana kwanza. Kisha safu ya nyuma.

Nilisimama kando yake nikiwatazama waliostahili viazi nilivyokula. Mikono ilikuwa imepanda, na Madam akaingoja ishuke, na hakuna hata mmoja ulioshuka.